Nani alimruhusu mwalimu kupakua?

Mwishoni mwa Septemba 2002, gari dogo la Ford liliondoka San Francisco kuelekea Washington, ng'ambo ya pili ya Marekani. Juu ya paa lilibeba dishi la setilaiti. Ndani mlikuwa na kompyuta, printa, kisu kikubwa cha kukatia karatasi na mashine ya kubandika majalada kwa gundi ya moto. Aliyekuwa na safari hiyo ni Brewster Kahle, mwanzilishi wa Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 1996.

Kila liliposimama, shuleni au nje ya maktaba ya umma, mambo yalikwenda hivi. Mtoto anachagua kitabu kwenye kompyuta. Kitabu kinashushwa kutoka setilaiti, kinachapwa kurasa mbilimbili ubavu kwa ubavu, rundo la karatasi linakatwa katikati kwa kisu, nusu moja inawekwa juu ya nyingine, jalada linagandishwa mgongoni. Mtoto anaondoka na kitabu chake kwapani, bado kina joto la gundi. Gharama ya kukitengeneza ilikuwa kama dola moja.

Kahle hakuwa matembezini. Alitaka gari hilo lionekane Washington tarehe 9 Oktoba, siku ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani ingesikiliza kesi ambayo walimu na wakutubi wengi wa kwetu hawajapata kuisikia, ingawa kila wiki wanakula matunda ya kushindwa kwake.

Historia ya nyenzo za mtandaoni kwa shule husimuliwa zaidi kama historia ya mitambo: mkonga, kompyuta, simu janja. Mkonga una sehemu yake, sikatai. SEACOM ilipowashwa Julai 2009, ikapitia Mombasa na Dar es Salaam, vyuo na shule zilizokuwa zikilipia setilaiti kwa bei ya kuruka zilipumua. Lakini mkonga huleta kile tu ambacho mwenyewe amekubali kukiachia. Nani aliachia nini, lini, na kwa masharti gani? Hapo ndipo ilipoamuliwa mwalimu wa Kasulu au wa Kitui atapata nini leo akifungua simu yake.

Wa kwanza kuachia alikuwa Michael Hart, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1971 alipewa nafasi ya kutumia kompyuta kubwa ya chuo, Xerox Sigma V, na hakujua aifanyie nini kitu cha thamani namna ile. Ilikuwa 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, na dukani alikonunua chakula alikuwa amepewa nakala ya Tangazo la Uhuru. Akaketi akalichapa lote kwa herufi kubwa tupu, maana mashine haikuwa na herufi ndogo. Alitaka amtumie kila aliyeunganishwa kwenye mtandao; akaonywa kwamba ujumbe mzito kiasi hicho ungeuangusha mtandao wenyewe. Basi akaweka tangazo tu, kwamba maandishi yapo, anayeyataka ayachukue. Waliyachukua watu sita.

Huo ndio mwanzo wa Project Gutenberg. Kwa miaka mingi Hart alichapa karibu peke yake, na hadi 1989 alikuwa na vitabu 10, cha kumi kikiwa Biblia ya King James. Intaneti ilipoenea mambo yakaenda mbio: kitabu cha 100, kazi zote za Shakespeare, kilitoka 1994, na cha 1,000 kilitoka 1997. Mwaka 2000 Charles Franks akabuni njia ya watu wengi kugawana kusahihisha prufu, kila mmoja ukurasa wake, na leo vitabu vimepita 70,000. Hart alifariki Septemba 2011, baada ya miaka 40 ya kazi hiyo.

Sasa tazama kilichomo katika maktaba ile. Hart aliweza kuweka vitabu ambavyo muda wa hakimiliki yake ulikuwa umekwisha, na kwa Marekani hiyo ilimaanisha, kwa miaka mingi, vile vilivyochapishwa kabla ya 1923. Mwalimu wa fasihi ya Kiingereza alipata karamu. Mwalimu wa Kiswahili alitoka karibu mikono mitupu, kwa sababu sehemu kubwa ya fasihi andishi tunayofundisha ilichapishwa baadaye. Shaaban Robert alizaliwa 1909. Mwaka 1923 alikuwa kijana wa miaka 14. Hata Tanga ingempata Hart wake, mwenye kompyuta na moyo uleule, asingekuwa na cha kuweka bila kubisha hodi kwa wachapishaji mmoja mmoja.

Hapo ndipo anapoingia Eric Eldred, mtaalamu wa programu aliyestaafu, mkazi wa New Hampshire. Mwaka 1995 binti zake walikuwa wakisomeshwa Nathaniel Hawthorne, na hawakumpenda hata kidogo. Baba akawatengenezea toleo la mtandaoni, lenye viungo, picha na maelezo. Binti hawakuvutika hata hivyo. Mzazi yeyote atamwelewa. Lakini yeye mwenyewe alinogewa, akaendelea kuweka kitabu baada ya kitabu, akajikuta ana maktaba. Alikuwa akisubiri zamu ya diwani ya Robert Frost, ambayo nayo inaitwa New Hampshire, iliyotoka 1923, wakati Bunge la Marekani lilipoongeza muda wa hakimiliki kwa miaka 20 mnamo Oktoba 1998. Eldred akaenda mahakamani. Mwanasheria wake alikuwa Lawrence Lessig, profesa wa sheria wa Stanford, na kesi hiyo ndiyo iliyokuwa ikifuatwa na gari la Kahle.

Walishindwa. Hukumu ilitoka 15 Januari 2003, majaji saba kwa wawili. Diwani ya Frost ilibaki kifungoni hadi 1 Januari 2019.

Ila Lessig na wenzake hawakuwa wameweka mayai yote mahakamani. Mwaka 2001 walikuwa wameanzisha Creative Commons, na Desemba 2002, mwezi mmoja kabla ya hukumu, wakatoa leseni zao za kwanza. Wazo lake lilikuwa jepesi hata unashangaa kwa nini lilichelewa. Kama sheria haipunguzi muda, basi mwenye kazi apunguze haki zake mwenyewe, kwa hiari, na aandike wazi: nakili, ila nitaje jina, tafsiri, ila usiuze, badilisha, ila nawe uwaachie wengine kama nilivyokuachia. Mahali pa onyo la kwamba haki zote zimehifadhiwa pakawa na maelekezo ya matumizi. Mwalimu hakuhitaji tena kuandika barua ya kuomba idhini wala kungoja jibu lisilokuja.

Mwaka huohuo wa 2002 chuo cha MIT kilianza kuweka hadharani masomo yake, na Julai wataalamu walikutana UNESCO, Paris, wakazipa nyenzo za namna hii jina la nyenzo huria za elimu. Mikutano mingine ilifuata, na mwaka 2019 UNESCO ikapitisha pendekezo rasmi kwa nchi wanachama. Wenye kupenda makabrasha watayasoma.

Mimi narudi kwenye gari, kwa sababu lilifika Afrika Mashariki. Mwaka 2003 Maktaba ya Taifa ya Uganda, pamoja na shirika la Anywhere Books na kwa fedha za Benki ya Dunia, ilianza kuzungusha gari la aina hiyohiyo: setilaiti, printa, kisu, gundi. Kwa upande mwingine wa mpaka, Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilikuwa tangu 1996 ikiwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu juu ya migongo ya ngamia. Ngamia alibeba vitabu vilivyokwisha kuchapwa. Gari la Uganda lilibeba uwezo wa kuvichapa. Ni hatua kubwa. Lakini gari liliweza kuchapa kile tu kilichokuwa huru, na kilichokuwa huru kilikuwa Alice wa Lewis Carroll na ndugu zake kwa wingi, na hadithi za kwetu kwa uchache wa kusikitisha. Mashine ilikuwepo na karatasi ilikuwepo, ila ruhusa kwa vitabu ambavyo mtoto wa Uganda angejiona ndani yake haikuwepo.

Pengo hilo lilianza kuzibwa na mradi ambao walimu wa vyuo vya ualimu wanaujua kwa jina la TESSA. Ulianza 2005 ukiongozwa na Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, wakishirikiana na vyuo vya Afrika, kikiwemo Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Wao hawakutafuta vitabu vilivyokufa hakimiliki. Waliandika vipya, wakavitoa kwa leseni huria tangu siku ya kwanza. Tena hawakuandika vitabu vya wanafunzi. Waliandika vya mwalimu. Kila sehemu ina kazi tatu za kufanya darasani na visa vitatu vya walimu walivyozifanya, na zimetolewa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu na Kiswahili. Mwalimu wa shule ya msingi anayehangaika na darasa kubwa lenye vitabu vichache atakuta mle watu wa shida ileile. Kwa maoni yangu hii ni kazi bora kuliko umaarufu wake.

Kisha ikaja African Storybook, iliyozinduliwa 2014 na shirika la Saide la Johannesburg, ikianzia majaribio yake Kenya, Uganda na Afrika Kusini. Hapa ndipo ruhusa ilipoonyesha nguvu zake zote. Hadithi moja huandikwa, tuseme, kwa Kiingereza. Mwalimu mmoja akaitia Kiswahili, mwingine Kiganda, mwingine Kiturkana, bila mtu kumwandikia mwenzake barua. Mwalimu anaweza kupunguza maneno ili imfae mtoto wa darasa la kwanza, akaihifadhi kama toleo lake. Na wale waliobuni tovuti hiyo walizijua shule zetu: hadithi inapakuliwa ikiwa imepangwa kwa ajili ya kukunjwa, hivyo unatoa kopi kwenye karatasi za A4, unakunja katikati, unapiga pini mbili mgongoni, kijitabu kimekamilika. Ni kazi ileile ya lile gari, safari hii kwa mashine ya steshenari ya jirani. Mwaka uliofuata Pratham Books ya India ikafungua StoryWeaver kwa mtindo huohuo, na Kiswahili kimo.

Ruhusa hiyohiyo ndiyo iliyotatua hata tatizo la bando, jambo linalosahaulika. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ina leseni huria kama dada zake. Kwa hiyo programu ya Kiwix, iliyotengenezwa 2007, haikuhitaji kumwomba mtu ilipoifunga kamusi elezo nzima katika faili moja linalosomeka bila intaneti. Kabla yake Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa kikipeleka maktaba nzima ndani ya diski kwa vyuo vya Afrika visivyo na mtandao, chini ya mradi wa eGranary. Mkutubi mwenye kompyuta moja ya zamani na diski iliyojazwa mjini anaweza kuwahudumia wanafunzi mwaka mzima asinunue hata MB moja.

Machi 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, kila mtu alikimbilia mtandaoni kwa pamoja. Kahle naye, tarehe 24 mwezi huo, alifungua uazimaji wa vitabu vilivyoskaniwa bila foleni ya kusubiri, vikiwemo ambavyo hakimiliki yake ilikuwa hai. Wachapishaji wanne wakubwa wakamshtaki. Alishindwa 2023, akakata rufaa, akashindwa tena Septemba 2024. Nia yake ilikuwa njema, lakini alijichukulia ruhusa aliyopaswa kupewa, na aliyekuwa amemfuata Eldred mahakamani alipaswa kulijua hilo kuliko mtu mwingine.

Hapa Tanzania, Taasisi ya Elimu ilichukua njia salama zaidi: vitabu vyake vya kiada imeviweka katika maktaba mtandao yake, mwalimu, mzazi na mwanafunzi wavisome bure. Mwalimu aliyepangiwa shule isiyo na kitabu hata kimoja cha somo lake anaweza sasa kuandaa azimio la kazi na andalio la somo kwa kitabu halisi cha mtaala. Hongera zinawastahili waliofanya hivyo.

Kimebaki kitu kimoja. Fungua kurasa za mwanzo za vitabu hivyo na katika vingi utakuta onyo la kawaida la hakimiliki: hairuhusiwi kunakili wala kutafsiri bila idhini ya maandishi. Wakati huohuo walimu nchi nzima wanatoa kopi za sura mbili tatu ili watoto 60 wapate cha kusoma, wala hakuna anayedhani wanatenda kosa. Vitabu vimegharimiwa na umma na viko wazi mtandaoni. Taasisi iruhusu kwa maandishi, ukurasa wa pili wa kila kitabu, kwamba shule inaweza kunakili na kutafsiri kwa ajili ya kufundishia bila kuuza. Haihitaji bajeti wala mkonga mpya. Inahitaji mistari miwili.