Kipanya cha mashoto

Najua nimepotea wiki mbili. Nilikuwa nyumbani Makanya, na kule kompyuta ninayoishika ni ya mdogo wangu tu, tena usiku, manake mchana ni ya wateja. Leo sielezi safari. Naandika habari ya kipanya, cha kompyuta lakini, si zile Hiace zilizokuwa zinabeba watu Dar enzi za kaka zetu. Wengine wanaandika puku, mtaani tunasema mausi, mimi nitasema kipanya ili tuelewane.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu ana kibanda pale Makanya, jirani na barabara kuu. Anachapa barua, anatengeneza kadi za harusi, anaweka nyimbo kwenye flashi. Jioni ikishaingia anaunganisha mashine mbili kwa waya, vijana wanacheza Counter-Strike 1.6. Mashine zenyewe ni wazee, gemu za siku hizi haziwezi kuzibeba. Wateja wake wakubwa wa usiku ni matingo wa malori yanayokuja kuchukua jasi, wanasubiri zamu ya kupakia na hawana pengine pa kwenda. Kabla sijasafiri akanitumia meseji: "Kaka, njoo na mausi ya gemu. Iwe ya raha, mkono unaniuma."

Boom lilikuwa limeshatoka, nikashuka Kariakoo. Muuzaji akanionyesha kimoja kinawaka taa za kila rangi, ubavuni kina vibonye viwili, mgongo umepinda kidogo, ukikishika kiganja kinakaa kama mtu kwenye sofa. Nikakijaribu mwenyewe, nikasikia raha, nikalipa. Basi kutoka Dar nimekipakata, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Hedaru, mpaka nashuka Makanya najiona kaka wa maana. Dogo akakifungua, akakiweka kushoto kwa kibodi, akakishika, akacheka. Vile vibonye vya ubavuni vilikuwa upande wa kidole chake cha mwisho, gumba halina pa kukaa, na ule mpindo unausukuma mkono wake nje. Jamani, mdogo wangu ni mashoto! Nimelala naye kitanda kimoja miaka kibao, halafu nikasahau.

Kusahau kwenyewe kuna sababu. Bibi alikuwa akimchapa kakofi kila alipopeleka mkono wa kushoto kwenye ugali. Alipoanza shule penseli ikahamishiwa kulia, mkono mwingine ukaambiwa utulie. Alipojifunza kompyuta vipanya vyote vilikuwa vimewekwa kulia, naye akafuata. Kwa hiyo kwa miaka minne amefanya kazi mchana kutwa, na gemu usiku, kwa mkono ambao si wake. Sasa kifundo kinamuuma mpaka kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili. Ndo maana aliamua kurudi kushoto. "Narudi kwangu," aliniambia. Kibanda ndicho kinachomlisha, yeye na mama, kwa hiyo halikuwa jambo la mchezo hata kama tunazungumzia gemu.

Mimi nasoma historia, mnanijua. Nikaanza kujiuliza hiki kidude nani alikiamulia kiwe cha kulia.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa 1964 huko California, kwenye taasisi ya utafiti iliyokuwa chini ya Chuo Kikuu cha Stanford. Wazo lilikuwa la Douglas Engelbart, aliyekiunda ni mhandisi Bill English. Kilikuwa kiboksi cha mbao. Chini kilikuwa na magurudumu mawili, moja la kupima mwendo wa mbele na nyuma, la pili la kulia na kushoto, na juu kibonye kimoja. Tarehe 9 Desemba 1968 (sisi tunatimiza miaka saba ya Uhuru, wao wala hawana habari) Engelbart akakaa mbele ya wataalamu San Francisco akawaonyesha mambo yake kwa saa moja na nusu. Mkono wa kulia ulishika kipanya. Mkono wa kushoto ulikuwa juu ya kifaa kingine chenye vibonye vitano, unavibonyeza kwa pamoja kama mpiga kinanda, herufi inatokea. Yaani kwenye mpango wake kila mkono ulikuwa na kazi. Kile cha vibonye vitano watu waliona kigumu kujifunza, kikafa. Kipanya kikabaki, na kikabaki palepale kilipowekwa, kulia.

Mwaka huohuo 1968 Wajerumani wa Telefunken nao walikuwa wanauza cha kwao, chenye tufe chini badala ya magurudumu. Bill English naye alipohamia Xerox akatengeneza cha tufe mwaka 1972. Lakini vilikuwa ghali kupindukia. Apple walipokitaka mwaka 1980 waliwapa vijana wa usanifu kazi ya kukitoa kwa bei ya kutupa, na hao wakaanza majaribio kwa tufe la chupa ya dawa ya kwapa na kibakuli cha siagi. Hii si stori ya kijiweni, ndivyo ilivyokuwa. Raha ya mkono ilikuwa bado haijawa swali. Nani angekishika saa nane mfululizo?

Sasa sisi tulikuwa wapi? Kompyuta ya kwanza ya serikali, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa inalishwa kadi zilizotobolewa, kipanya haikukijua. Mahesabu yakaleta matatizo, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Marufuku ile ilikuja kulegea baadaye, lakini angalia miaka. Kipindi chote wenzetu wanajaribu, wanakosea, wanabadili umbo, sisi mlango umefungwa. Miaka ya 1990 mashine zilipoanza kuonekana maofisini na hapa Mlimani, kipanya kilikuja kimeshaamuliwa. Mkao wake, upande wake, kidole gani kibonyeze nini. Mwaka 2004 watu wa hapahapa chuoni walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili, kwa hiyo maneno tuliyaweka ya kwetu. Umbo la kidude lilibaki la walewale.

Linganisha na jembe. Milima yetu ya Upare ilijulikana kwa chuma toka zamani, Washana wa Ugweno walifua majembe yakauzwa mpaka kwa Wachaga. Lakini mhunzi alikuuzia chuma. Mpini ulichonga mwenyewe, urefu wako, unene wa kiganja chako. Babu alikuwa haazimi jembe la mtu, anasema litamtoa malengelenge, na mpini wenyewe unafanana na mwingine ukiutazama kwa macho.

Turudi kwenye gemu, manake huko ndiko mashoto walikomalizwa kabisa. Doom ya 1993 watu wengi waliicheza kwa mishale ya kibodi tu. Quake ilipotoka 1996 unatakiwa uangalie juu na chini, kipanya kikawa lazima. Kuna kijana wa Marekani, Dennis Fong, wenyewe wanamwita Thresh, mwaka 1997 alishinda mashindano ya Quake akapewa Ferrari ya John Carmack, mmoja wa waliotengeneza gemu yenyewe. Ferrari, wadau! Yeye alitembea kwa herufi W, A, S na D kwa mkono wa kushoto, kipanya kulia. Baada ya hapo nani asimuige? Gemu zikaanza kuja na herufi hizo zimeshapangwa. Mwaka 1999 Microsoft wakatoa IntelliMouse Explorer, haina tufe, ina kijicho kinachopiga picha ya meza mara 1,500 kwa sekunde, na mgongo wake umefinyangwa kwa kiganja cha kulia. Wachezaji wakaipenda mno. Mwaka huohuo Razer walitoa Boomslang, kipanya cha kwanza kuuzwa hasa kwa ajili ya gemu, na hicho kilikuwa sawa pande zote mbili. Lakini umbo lililoigwa sana ni lile la kulia. Kwa hiyo raha ilipokuja hatimaye, ilikuja kwa mkono mmoja.

Mashoto hawakuachwa kabisa, nisiseme uongo. Razer walitoa DeathAdder ya kushoto, na mwaka 2020 wakatoa Naga ya kushoto. Logitech G Pro Wireless ya 2018 unaweza kuhamisha vibonye vya ubavuni upande unaotaka. Ila ukiangalia bei yake na ukaangalia boom lako, unafunga ukurasa polepole. Halafu kuna vile vyepesi vyenye gamba la matundu matundu kama sega la nyuki. Vizuri sana, lakini njoo navyo Makanya kiangazi uone, vumbi la kule lilivyo! Vipanya vya tufe dogo alikuwa anavifungua kila siku anakwangua uchafu kwa kucha, na bado mshale unarukaruka.

Sasa tulifanyaje? Hapa dogo ndo alinishangaza. Alichukua kipande cha sabuni ya mche, akakaa nacho kizingitini, akaanza kukichonga kwa kisu. Anachonga, anakishika kwa kushoto, anakisukuma juu ya meza, anachonga tena. Mimi nilidhani anacheza. Baada ya nusu saa akanipa nishike, kwangu kilikuwa kidogo na kifupi, vidole vinaning'inia mbele. Kwake kilikaa sawasawa. Ndipo nikamwangalia anavyoshika. Kuna watu wanalaza kiganja chote juu ya kipanya, hao wanahitaji kirefu chenye mgongo. Kuna wanaokunja vidole kama kucha za mwewe, na kuna wanaoshika kwa ncha za vidole tu, kiganja hakigusi. Yeye ni wa kucha. Kile changu cha sofa kingemuumiza hata kama angekuwa mtu wa kulia, manake kilikuwa kinamlazimisha alaze kiganja.

Kesho yake tukapanda gari mpaka Same na sabuni yetu mfukoni. Duka la kwanza, la pili, la tatu, tunaomba kipanya, anakishika, anashika sabuni, anakirudisha. Mama mmoja muuzaji akatuuliza kama tunauza sabuni au tunanunua mausi. Watu wanatajiwa namba, hiki kina spidi elfu ngapi sijui, lakini namba hiyo inahusu mshale unavyokimbia kwenye kioo, mkono wako haiujui. Alichokichagua ni kipanya cheusi cha ofisini, cha waya, sawa pande zote, hakina taa, hakina kibonye cha ubavuni. Bei yake ni kama robo ya kile cha Kariakoo. Roho iliniuma kidogo, sikusema.

Ikabaki shida ya vibonye. Kwenye Windows unaweza kubadilisha, cha kulia kikafanya kazi ya cha kushoto, lakini mashine ni ya wateja, mtu akija kuandika barua atachanganyikiwa. Kwa hiyo tukabadilisha ndani ya gemu peke yake. Unafungua konsoli ya Counter-Strike unaandika bind mouse2 +attack, basi, kidole chake cha shahada cha kushoto ndicho kinachopiga. Kutembea anatumia mishale ya kibodi kwa mkono wa kulia. Halafu nikamwonyesha amri nyingine, cl_righthand 0. Bunduki ikahama, ikashikwa kwa mkono wa kushoto pale kwenye kioo. Alinyamaza. Akaniuliza, "Hii ilikuwepo siku zote?" Ilikuwepo. Kwenye Counter-Strike 2 ya 2023 walikuja bila hiyo, wakairudisha 2024.

Tulipandisha na stuli pia, tukaweka tofali chini ya kila mguu, manake meza ilikuwa juu mno na kifundo kilikuwa kinakatwa na ukingo wa mbao. Nadhani hilo peke yake ni nusu ya yale maumivu. Nimemwambia pia mkono wa kulia usipopona aende hospitali, asijidanganye kwamba kipanya ni dawa.

Usiku wa kwanza alifungwa vibaya sana na utingo mmoja wa lori la jasi, kijana mpole kweli, hasemi kitu. Wa pili alifungwa tena. Juzi usiku niko kwenye basi narudi nikapata meseji: "Nimemla kumi na tatu. Chai nimeshika kwa mkono mmoja." Bibi nimemwachia nimweleze siku nyingine kwa nini mjukuu wake anapata hela kwa mkono ule.

Kile cha taa ninacho hapa, ndicho ninachotumia sasa hivi. Mwenzangu wa chumbani ameshageuka ukutani mara tatu, anasema taa zinampiga machoni mpaka ndani ya chandarua. Ngoja nizime nilale, kesho nina semina saa mbili asubuhi na sijasoma hata ukurasa mmoja.