Mbegu ya tomate iliyovuka bahari mikononi mwa wahamiaji

Familia inayokimbia vita inachukua watoto, sufuria na blanketi. Mara chache mtu anakumbuka mbegu. Lakini historia ya tomate inaonyesha kama fundo dogo la mbegu linaweza kubeba shamba lote.

Tomate, ao nyanya, haikuzaliwa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wenyeji wa Mexico waliilima zamani na kuiita tomatl. Ndipo lilipotoka jina «tomate». Wahispania waliipeleka Ulaya katika karne ya 16, na mwaka wa 1544 mganga wa Italia, Pietro Andrea Mattioli, aliandika juu yake.

Kwa miaka mingi, wakulima hawakununua mbegu kila msimu. Walichagua tunda bora, wakatoa mbegu, wakakausha na kupanda tena. Mzazi alimuachia mtoto. Hivyo zilipatikana tomate nyekundu, za njano, nyeusi kidogo, kubwa na ndogo.

Katika karne ya 19, familia moja ya Bavaria, inchini Ujerumani, ilihamia Iowa, Marekani, ikiwa na mbegu za tomate yenye rangi ya waridi. Kitukuu wao, Diane Ott Whealy, alipewa mbegu hizo na babu yake. Muda si mrefu babu akafariki. Kama mbegu hazingepita mkononi mwa mjukuu, zingeweza kupotea pamoja na mzee. Mwaka wa 1975, Diane na mume wake Kent walianzisha shirika Seed Savers Exchange, ili wakulima wabadilishane mbegu za zamani. Tomate hiyo, German Pink, inalimwa mpaka leo.

Wakati huo mbegu za kopo zilikuwa zimekwisha kuenea. Zile zinazoandikwa F1 zinazaa vizuri, lakini mbegu za tunda lake hazirudishi tomate inayofanana na mama. Mkulima analazimika kununua tena. Mbegu ya asili ni tofauti: ua la tomate linajichavusha lenyewe, basi mtoto anafuata mama.

Kwa mama aliyehama na asiye na feza ya duka, tofauti hiyo ni kubwa. Miche michache ndani ya ndoo ao mfuko wa zamani inatosha kuanza. Tunda la mche wenye afya linaachwa liive sana. Mbegu zinatiwa ndani ya maji kidogo siku 2 ao 3 mpaka ute utoke, zinaoshwa, zinakaushwa kivulini juu ya sahani, kisha zinafungwa ndani ya karatasi. Zikikaa pakavu, zinadumu miaka kadhaa.

Jirani akiomba, apewe. Mbegu iliyo katika nyumba moja inaweza kupotea usiku mmoja. Iliyo katika nyumba kumi inabaki.