Utani, Kipande na Mamlaka: Historia ya Udhalilishaji wa Kingono Kazini katika Ukanda wa Masanze, Wilaya ya Kilosa

1.0 Utangulizi

Kata ya Masanze ipo katika Wilaya ya Kilosa, Mkoa wa Morogoro, na kiuchaguzi imo katika Jimbo la Mikumi. Wakazi wake wengi huishi kwa kilimo. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja wilaya inayoizunguka imekuwa pia eneo la kazi ya ujira: mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, mashamba ya miwa ya Ruhembe upande wa kusini, Reli ya Kati iliyojengwa enzi ya Wajerumani, na katika miaka ya karibuni ujenzi wa reli ya kisasa. Mtu wa Masanze anayetafuta kibarua, awe mwanamume au mwanamke, huingia katika historia hiyo bila kuichagua.

Makala haya yanachunguza sehemu moja ya historia hiyo, yaani udhalilishaji wa kingono kazini. Dhana hii inatumika hapa kwa maana ya tendo, neno au ishara ya kingono ambayo mtendewa haitaki, hasa pale mtendaji anapokuwa na mamlaka juu ya kazi, ujira au makazi ya mtendewa. Maelezo mawili hutolewa mara kwa mara kuhusu kuendelea kwa tatizo hili. La kwanza hulihusisha na mila, likidai kuwa jamii za Morogoro ni jamii za utani, na kwamba kinachoitwa udhalilishaji ni mzaha uliopita kiasi. La pili hulihusisha na upungufu wa sheria. Makala yanadai kuwa maelezo yote mawili hayatoshelezi. Mzizi wa tatizo unaonekana zaidi katika mpangilio wa kazi wenyewe: mtu anayemsimamia kibarua ndiye pia anayeandika kama siku yake ya kazi ihesabiwe au isihesabiwe. Mpangilio huo ulijengwa katika zama za kipande, na umedumu baada ya kipande chenyewe kutoweka.

2.0 Kipande na Nyapara

Mkonge uliingizwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf. Zao hilo lilianzia Tanga, likaenea kwa kufuata njia za reli, na chini ya utawala wa Waingereza Kilosa ikawa miongoni mwa wilaya zilizolilima kwa wingi. Mashamba yalihitaji watu wengi kuliko wenyeji waliokuwa tayari kuajiriwa, kwa kuwa wenyeji walikuwa na mashamba yao. Kwa sababu hiyo vibarua waliletwa kutoka mbali. Waliitwa manamba, kutokana na namba walizopewa walipoandikishwa. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, chombo cha pamoja cha kuandikisha na kusafirisha vibarua hao.

Kazi ilihesabiwa kwa kipande. Kipande kilikuwa kadi yenye nafasi 30, moja kwa kila siku ya kazi iliyokamilika. Mfanyakazi alipangiwa ngwe yake asubuhi. Akiimaliza ipasavyo, siku yake iliandikwa. Asipoimaliza, au ikisemekana kuwa hakuimaliza, siku hiyo haikuandikwa. Ujira kamili ulitegemea kadi kujaa, na kwa wengi kadi ilijaa baada ya muda unaozidi mwezi mmoja. Ina maana kwamba siku moja iliyokataliwa haikupunguza ujira wa siku hiyo pekee. Ilisogeza mbele malipo ya siku zote zilizotangulia.

Aliyesimama kati ya mfanyakazi na kadi hiyo alikuwa nyapara, akifuatiwa na karani wa shamba. Uamuzi wa nyapara ulifanyika katikati ya mistari ya mkonge, mara nyingi bila shahidi. Sheria ya Mabwana na Watumishi Wenyeji ya mwaka 1923 iliweka masharti ya mikataba, na Idara ya Kazi iliyoanzishwa mwaka 1926 chini ya Granville Orde-Browne ilifuatilia hali ya makazi, chakula, maradhi na utoro. Hayo yalikuwa mambo yaliyoweza kuhesabiwa. Jinsi nyapara alivyotumia uwezo wake wa kukubali au kukataa ngwe haikuwa na safu katika taarifa.

Wanawake walikuwa wachache katika orodha za ajira za mashamba ya mkonge. Waliajiriwa zaidi katika palizi na katika kuanika nyuzi zilizotoka korona, na wengine wengi waliishi kambini kama wake wa wafanyakazi. Katika hali zote mbili walikuwa mbali na ngao waliyokuwa nayo kijijini. Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru ni jamii zinazofuata ukoo wa mama. Mwanamke aliyefedheheshwa kijijini alikuwa na mjomba, kaka na ukoo mzima wa kudai kwa niaba yake. Kambini mwanamke, hasa aliyetoka mbali, alitambuliwa kwa namba yake au kwa jina la mumewe.

Hapa panahitajika tahadhari ya kimbinu. Ukimya wa taarifa za kikoloni kuhusu udhalilishaji wa kingono hauthibitishi kwamba jambo hilo halikuwapo. Ukimya huohuo pia haumruhusu mtafiti kubuni visa. Kinachoweza kuthibitishwa ni muundo. Palikuwa na mamlaka makubwa yasiyokaguliwa, ujira uliotegemea neno la mtu mmoja, na mtendewa asiye na jamaa karibu. Muundo huo ndio unaofaa kulinganishwa na ushahidi wa vipindi vya baadaye.

3.0 Utani si Udhuru

Dai kwamba udhalilishaji ni mwendelezo wa utani linastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu utani ni taasisi halisi na yenye heshima katika ukanda huu. R. E. Moreau aliandika juu ya utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940, na T. O. Beidelman alichunguza utani wa Wakaguru kwa kina katika utafiti wake ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Kazi zao zinaonyesha kuwa watani huweza kutaniana kwa maneno ya kingono ambayo yangekuwa matusi makubwa kati ya watu wengine. Mashamba ya mkonge, yaliyokutanisha Wanyamwezi, Wangoni, Wahehe, Wabena na wenyeji wa Kilosa, yalikuwa mahali ambapo utani wa makabila ungeweza kupunguza ukali wa maisha ya kambini.

Hata hivyo utani una mipaka yake. Kwanza, una wahusika maalumu: babu na mjukuu, binamu, koo zinazooleana, makabila yenye historia ya pamoja. Mkwe hataniwi. Pili, utani huambatana na wajibu. Mtani anayekejeli leo ndiye atakayeitwa kesho kusaidia katika mazishi na katika kuwatakasa wafiwa. Tatu, kwa kawaida utani hujibiwa, nao hufanyika hadharani, mbele ya watu wanaojua kanuni zake na wanaoweza kusema kwamba sasa imetosha.

Inaweza kupingwa kwamba si kila utani ni wa pande mbili zilizo sawa. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, alibainisha kuwa upo utani ambao upande mmoja hutania na mwingine huvumilia. Hoja hiyo ni sahihi, lakini haiutetei mwenendo wa msimamizi. Hata utani usio sawa hutokana na udugu au ukwe, na anayevumilia hapotezi chakula kwa kukasirika. Msimamizi anapomwambia kibarua maneno ya kingono, kibarua akijibu kwa ukali anaweza kukosa siku yake. Akinyamaza, ukimya wake huhesabiwa kuwa ridhaa. Hapa hapana udugu, hapana wajibu wa msibani wala hadhira ya kuamua. Kuliita tendo hilo utani ni kuazima jina la mila kwa jambo ambalo mila yenyewe isingelikubali.

4.0 Tatizo Kupata Jina, 1964–2007

Baada ya uhuru mamlaka ya waajiri yalianza kuwekewa mipaka. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964 ilianzisha kamati za wafanyakazi na kuweka kanuni za nidhamu, na kufuatia Azimio la Arusha la mwaka 1967 sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge iliingia mikononi mwa umma. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, hasa ibara yake ya 15, ulikataza viongozi kuwa wajeuri na waonevu kwa wanaowaongoza, na katika miaka iliyofuata wafanyakazi wa viwandani waliutumia kudai heshima kazini. Kwa mara ya kwanza mfanyakazi alikuwa na lugha rasmi ya kulalamikia tabia ya mkubwa wake, mbali na malalamiko ya ujira. Lakini lugha hiyo ilimzungumzia mfanyakazi bila kutaja jinsi yake.

Jina la tatizo lenyewe lilizaliwa kwingine. Mwaka 1975 wanawake wa Ithaca, katika jimbo la New York, Marekani, walilitumia wakati wa kumtetea mfanyakazi wa Chuo Kikuu cha Cornell aliyeacha kazi kwa sababu ya mwenendo wa mkubwa wake. Nchini Tanzania tukio lililozindua mjadala wa kitaifa lilitokea Chuo Kikuu cha Dar es Salaam Februari 1990, pale Levina Mukasa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alipojiua baada ya kusumbuliwa na kudhalilishwa na wanafunzi wenzake wa kiume. Chuoni hapo palikuwa na mtindo wa kubandika ukutani maandishi ya kuwakejeli wanafunzi, hasa wa kike, na mtindo huo ulikuwa umezoeleka kama mzaha. Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoundwa mwaka 1987, pamoja na vyama vingine vya wanawake, vilisisitiza kuwa mzaha unaoua hauwezi kuendelea kuitwa mzaha. Hoja iliyotumika chuoni kuwatetea watendaji ilifanana na ile ya utani iliyojadiliwa hapo juu.

Kampeni za miaka hiyo zilichangia kupatikana kwa Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) Na. 4 ya mwaka 1998, iliyoingiza katika Kanuni ya Adhabu kosa la udhalilishaji wa kijinsia kwa maneno au vitendo, lenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka 5. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, iliuhesabu unyanyasaji wa mfanyakazi kuwa aina ya ubaguzi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, ilimfanya mwenye mamlaka anayedai ngono ili atoe ajira, cheo au haki nyingine kuwa mkosaji, kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Hivyo, katika muda usiofika miaka 10, tendo lilelile lilipata sura tatu kisheria: jinai, ubaguzi na rushwa. Sura ya tatu ndiyo inayokaribia zaidi historia ya kipande, kwa sababu inamtazama mwenye mamlaka na kile anachokishika.

5.0 Sheria na Daftari la Mahudhurio

Ikiwa sheria zipo, kwa nini tatizo linaendelea? Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 17 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kingono. Takwimu hiyo inahusu maisha kwa ujumla, si kazini pekee, lakini inatosha kuonyesha kwamba uwepo wa sheria haujawa kinga.

Mfano wa Kenya unasaidia kutenganisha suala la sheria na suala la muundo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na tamko la sera dhidi ya udhalilishaji wa kingono. Hata hivyo, Februari 2023 uchunguzi wa BBC katika mashamba ya chai ya Kericho uliwakuta wanawake zaidi ya 70 waliosema wamedhalilishwa kingono na wasimamizi wao. Sheria ilikuwepo kwa zaidi ya miaka 15. Kilichobaki bila kuguswa ni uwezo wa msimamizi kumpa kazi mtu leo na kumnyima kesho.

Kibarua wa Kilosa yuko katika hali inayolingana na hiyo. Ushahidi kwamba alifanya kazi uko katika daftari la mahudhurio, na daftari huwa mkononi mwa msimamizi. Akitaka kulalamika, ngazi ya kwanza anayoelekezwa huwa ni msimamizi huyohuyo. Dawati la jinsia na watoto la polisi na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zipo kisheria, lakini kwa kibarua wa siku nauli ya kufika huko ni sehemu ya ujira alioukosa.

Kutokana na uchambuzi huu, uzuiaji unapaswa kuanzia pale historia inapoonyesha chanzo. Kwanza, anayesimamia kazi asiwe ndiye anayeandika mahudhurio; uandishi ufanyike hadharani na kibarua abaki na nakala. Pili, malalamiko yapokelewe nje ya mnyororo wa usimamizi, kwa mfano na wawakilishi wanawake wa chama cha wafanyakazi wa mashamba, TPAWU, pamoja na kamati za ulinzi wa wanawake na watoto za kijiji na kata zilizoelekezwa na mpango wa taifa wa 2017/18–2021/22. Tatu, ulinzi uwahusu pia wasio na mikataba ya maandishi na ufike hadi kambini. Msimamo huo umo katika Mkataba Na. 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2019, unaowalinda wafanyakazi bila kujali aina ya mkataba wao na unaotaja makazi yanayotolewa na mwajiri. Uganda iliuridhia mwaka 2023.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kuwa udhalilishaji wa kingono kazini katika ukanda wa Masanze na Kilosa hauwezi kuelezwa kwa utani, kwa kuwa utani una wahusika, wajibu na mipaka ambayo msimamizi hana. Vilevile hauelezwi kwa ukosefu wa sheria, kwa kuwa tangu mwaka 1998 sheria zimekuwepo na zimeongezeka. Maelezo yanayotosheleza zaidi yanapatikana katika mamlaka ya kuandika siku ya kazi, yaliyowekwa mikononi mwa nyapara katika zama za kipande na kurithiwa na wasimamizi waliofuata. Elimu kwa jamii na adhabu kwa wakosaji zinahitajika, lakini hazitamlinda kibarua ambaye ujira wake wa leo bado unategemea neno la mtu mmoja. Mageuzi ya daftari la mahudhurio ni jambo dogo kiutawala, na linaweza kuanza katika shamba lolote bila kusubiri sheria mpya.