Glavu za Juma: Nani Anaruhusiwa Kupenda katika Out of Africa?

Juma, mtumishi wa nyumbani kwa Karen Blixen, mlowezi wa Kidenmaki mwenye shamba Kenya, anaandaa chakula akiwa amevaa glavu nyeupe. Zinamtatiza vidoleni, lakini bibi mwenye nyumba ndivyo alivyotaka. Baadaye Karen mwenyewe anamvua glavu hizo na kukiri kwamba halikuwa wazo jema. Kwangu mimi hilo ndilo tukio lenye ukweli mwingi zaidi katika filamu hii ya Sydney Pollack ya mwaka 1985, iliyotwaa tuzo 7 za Oscar. Hata hivyo, anayebadilika hapo ni Karen. Juma alijisikiaje siku zote alizozivaa? Kamera haikugeuka kumtazama.

Mijadala ya usawiri huanza mara nyingi kwa kuhesabu: Waafrika wangapi wamo, wanasema mara ngapi. Kwa hesabu hiyo filamu hii haina la kuonea aibu. Farah msimamizi wa nyumba, Kamante mpishi, Juma na chifu Kinanjui wa Wakikuyu wana majina yao, wala hawadhihakiwi. Kinanjui anakubali shule ijengwe, lakini anaweka mpaka wa kimo: mtoto aliyeupita asifundishwe kusoma. Huo ni uamuzi wa kiongozi anayejua anachokilinda. Tatizo ninaloliona mimi liko kwingine. Katika filamu ya mapenzi, utu wa mhusika hujengwa na kile anachoruhusiwa kukitamani. Anayependa, anayesalitiwa na anayefiwa ndiye tunayeingia moyoni mwake. Haki hiyo wamegawana Karen, mumewe Bror na mpenzi wake Denys. Waafrika wamepewa heshima, na heshima katika hadithi ya mapenzi ni kama kiti cha barazani: umekaribishwa, lakini ndani hujaingia.

Farah ni mfano unaoniuma. Malick Bowens, mwigizaji kutoka Mali, anamwigiza Msomali huyu kwa utulivu unaojaza kila tukio. Kitabu cha Blixen cha mwaka 1937, ambacho ni msingi wa filamu, kina mengi ya kulaumiwa, na mwandishi Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o aliyalaumu kwa ukali unaostahili. Lakini kitabu hichohicho kina sura inayowahusu wanawake wa Kisomali: mke wa Farah, aliyeletwa shambani kutoka kwao, akiwa na mama yake na mdogo wake. Farah wa kitabuni ana nyumba, ana wakwe, ana mtu wa kurudi kwake jioni. Hadithi ya filamu haikuwapa watu hao nafasi, na kwa hiyo Farah amebaki mtu wa uaminifu tu. Yaani mwaka 1985 ulisimulia kwa ufinyu kuliko mwaka 1937.

Mwafrika mmoja tu ndiye aliyeguswa na mapenzi: Mariammo, mwenza wa siri wa mlowezi Berkeley Cole, rafiki wa Denys; Mariammo aliigizwa na Iman, mzaliwa wa Mogadishu. Tunamfahamu kwa muda mfupi, wakati Berkeley ni mgonjwa wa kufa. Hapo palikuwa na filamu nyingine nzima, juu ya mapenzi ambayo jamii ya walowezi ilidai yafichwe. Pollack aliufungua mlango huo akaufunga upesi.

Mapenzi yanatawala hata siasa. Karen anampigia magoti gavana akiwaombea Wakikuyu wa shambani kwake ardhi, na machozi yetu yanamwendea yeye. Lakini sheria ya mwaka 1918 iliwadai maskwota siku zisizopungua 180 za kazi kwa mwenye shamba kila mwaka, na Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi walipodai Harry Thuku, kiongozi aliyepinga dhuluma za kikoloni, aachiliwe. Miaka hiyo imo ndani ya kipindi cha hadithi. Wale waliokuwa na madai yao wenyewe hawakuhitajika kwenye picha, kwa kuwa hitaji la Karen la kuwatetea lilikuwa limechukua mahali pao.

Kwenye kituo cha treni, kabla ya kuondoka Kenya, Karen anamwomba Farah amwite kwa jina lake. Analitamka, na kwa upole mkubwa. Kisha filamu inarudi kwenye vilima vya Ngong, kwenye kaburi la Denys na simba wanaolizuru. Nyumbani kwa Farah haipiti.