Gati Lisilo na Bahari: Historia ya Njia za Umma za Kufikia Maji Katika Uwanda wa Makonde

Katika Kiswahili cha mwambao, gati ni mahali ambapo chombo hufunga ili kupakia na kupakua. Neno hili huhusishwa na neno la Kihindi ghat, yaani ngazi za kuteremkia mtoni. Katika vijiji vingi vya Tanzania bara, hata hivyo, gati ni kituo cha bomba ambako watu hupanga ndoo zao. Mzee wa Newala asiyewahi kuiona bandari ya Mtwara anaweza kusema bila kusita kwamba gati la kijiji chake limefungwa. Mtu wa pwani akimsikia, huenda akacheka. Lakini badiliko hili la maana lina mantiki yake: gati ni ukingo ambapo watu wote wanaruhusiwa kuyafikia maji, na mahali pasipo na ziwa wala bahari ukingo huo lazima ujengwe, ulindwe na utunzwe. Mhadhara huu unafuatilia ni nani aliyeutunza katika uwanda wa Makonde, na kwa ujira gani.

Yafaa kwanza ieleweke hali ya nchi yenyewe. Mvua ya uwanda huu si haba, maana hukaribia milimita 1,000 kwa mwaka. Tatizo ni udongo. Mchanga wake huyanywa maji upesi, nayo hushuka chini sana hadi yatokee kwenye miguu ya magenge na katika mabonde yanayouzunguka uwanda. Mji wa Newala umekaa ukingoni kabisa mwa magharibi, zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, na anayesimama kwenye genge liitwalo Shimo la Mungu huona bonde lote la Ruvuma limetandazwa chini yake. Huona maji asiyoweza kuyanywa mpaka ateremke, kisha apande tena na mzigo kichwani.

Kwa nini basi watu walikaa juu? Simulizi moja ya asili ya Wamakonde, iliyoandikwa na mmisionari Mkatoliki na kuchapishwa na Karl Weule katika kitabu chake cha mwaka 1908, inajibu kwa namna yake. Mtu wa porini alichonga sanamu ya mti, ikageuka mwanamke. Mtoto wao wa kwanza, aliyezaliwa kando ya Ruvuma, alikuwa mfu. Wa pili, katika bonde la Mbwemkuru, vilevile. Wa tatu alizaliwa juu, katika nchi ya Mahuta, akaishi. Ndipo babu huyo akawaagiza wanawe wajenge mbali na mito, mwendo wa saa nzima kutoka mahali pa kuteka, kwa kuwa mabondeni kuna maradhi na mauti. Msomaji wa leo ataona mara moja mbu na malale katika agizo hilo. Wanahistoria wameongeza sababu nyingine: vichaka vizito vya uwanda vilikuwa ngome dhidi ya wavamizi. Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyosikika sawa, kuteka maji na kuteka watu, na katika karne ya 19 mwanamke aliyekwenda kufanya la kwanza alikuwa katika hatari ya kufanyiwa la pili.

Mpangilio wa ardhi wa Wamakonde una umuhimu wa pekee hapa. Nchi iligawanyika katika virambo, kila chirambo kikiwa na mkulungwa wake, ambaye ukoo wake ndio uliofyeka kwanza. Mkulungwa aliweza kumpa mgeni mahali pa kulima. Maji hakuweza kumpa, kwa sababu aghalabu hayakuwamo katika chirambo chake. Yalikuwa chini, mbali, na njia ya kuyafikia ilipita katika nchi za wakulungwa wengine. Kutokana na hali hii ni halali kuhitimisha kwamba haki ya kwanza ya maji uwandani ilikuwa haki ya kupita. Nayo haikuwa ya maneno matupu. Kichaka cha Makonde hurudi kwa kasi ya ajabu. Njia isiyopitwa wala kufyekwa kwa misimu michache hufungika kabisa. Njia iliyo wazi ilikuwa ushahidi kwamba kuna watu wanaoifanyia kazi, bila mshahara na bila kuandikwa popote. Sehemu kubwa ya watu hao walikuwa wanawake, na pengine ndiyo sababu kumbukumbu za maandishi hazikuwatilia maanani.

Maandishi hayo yalianza mapema kiasi, na yana uhusiano wa karibu na taaluma ya Kiswahili. Edward Steere, aliyekwisha kuchapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, ndiye aliyeongoza kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Unguja mwaka 1876 na kuwaweka Masasi. Uvamizi wa Wamagwangwara mwaka 1882 ukakivunja kituo hicho, na kazi ya misheni ikahamia kwa muda Newala, kwa Matola, mtawala wa Kiyao. Mwaka 1905 misheni ya Masasi iliteketezwa tena, safari hii katika vita vilivyopewa jina la maji yenyewe. Weule alipofika mwaka uliofuata, aliandika mengi juu ya vinyago, unyago na jando, wala hakuweza kuepuka kutaja dhiki ya maji.

Hapa inafaa kudokeza jambo la sarufi. Wayao husema mesi, Wamakonde medi, Waswahili maji, na katika lugha zote hizi nomino hiyo imo katika ngeli yenye umbo la wingi, isiyo na umoja. Kusema "jiji langu" kwa maana ya maji ya mtu mmoja ni kuchekesha. Sarufi si sheria, bila shaka. Lakini serikali zilizofuata zilijaribu kwa njia mbalimbali kulipatia neno hili umoja, yaani kipimo, debe na bei.

Katika miaka ya 1950 utawala wa Kiingereza ulianzisha shirika la maji la Makonde, ambalo lilisukuma maji kwa pampu kutoka bondeni na kuyauza kwa debe katika vituo. Ulikuwa mradi mkubwa kwa wakati wake. Uliwapunguzia wanawake mwendo wa saa kadhaa, na hakuna anayestahili kuudharau. Ila ulibadilisha aina ya haki: zamani aliyekuwa na miguu na panga aliyafikia maji, sasa aliyekuwa na senti. Njia za zamani zilianza kufunga.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 bei hiyo ilionekana kuwa aibu ya kikoloni. Mpango wa mwaka 1971 uliahidi maji kwa wananchi wote wa vijijini katika muda wa miaka 20, nayo yalitolewa bure. Kuanzia miaka ya 1970 Finland iligharimia mpango mkubwa wa maji katika mikoa ya Mtwara na Lindi, na wananchi waliombwa kuchimba mitaro kwa nguvu za kujitolea. Kitenzi hiki kinahitaji kuangaliwa. Mzizi ni -to-, wenye kauli ya kutendea na kirejeshi -ji-; anayejitolea huitoa nafsi yake kwa ajili ya jambo, naye ndiye mtenda na ndiye kitolewa. Katika enzi ile kitenzi kilipata maana ya ziada isiyo kamusini, kwani asiyejitolea aliweza kutozwa faini. Bomba likajengwa kwa jasho la kijiji, lakini likahesabiwa kuwa mali ya serikali. Pampu ilipokufa, mwanakijiji alikuwa na haki ya kushangaa alipoambiwa kwamba sasa ni yake.

Aliambiwa hivyo hasa. Sera ya maji ya mwaka 1991, kisha ile ya mwaka 2002 iliyotolewa chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, zilirudisha uchangiaji na kuzikabidhi jumuiya za watumiaji mzigo wa uendeshaji. Sheria ya mwaka 2019, iliyounda RUWASA, imezipa jumuiya hizo sura rasmi zaidi, ingawa nguzo yake bado ni wajumbe wa kuchaguliwa, watu wanaokagua koki, kusuluhisha ugomvi wa foleni na kuwazuia wakulima wasifikishe mashamba yao kwenye chemchemi.

Katika jambo hilo la mwisho sheria ina msaada, lakini una mpaka. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inamruhusu mtu kuchota maji ya matumizi ya nyumbani bila kibali, mradi ameyafikia kihalali. Neno zito hapo ni "ameyafikia". Ukingo umelindwa na uchotaji umeruhusiwa, lakini njia yenyewe inategemea ardhi ya kijiji na mipaka ya mashamba, na katika nchi ya korosho mti mmoja uliopandwa katikati ya mapito huwa hoja ya kisheria kwa miaka mingi.

Siku hizi Masasi na Nachingwea hunywa maji ya chemchemi za Mbwinji, na Newala hutegemea chanzo cha Mitema katika bonde la Kitangari. Wenye uwezo huvuna mvua kwa mabati na kuihifadhi katika visima vya saruji uani, na kiangazi kinapokaza huwauzia jirani zao. Wasio na bati wala kisima hungoja gati lifunguliwe. Lisipofunguliwa, hushika ndoo na panga, wakaanza kuitafuta njia ya bibi zao gengeni.