Kielezi "Arbitrarily": Historia ya Maana Yake na Tatizo la Kukifasiri

Makala hii yakusudia kuchunguza historia ya kielezi kimoja cha Kiingereza, "arbitrarily", ambacho huwataabisha wafasiri wa Kiswahili kila wanapokutana nacho katika maandishi ya sheria. Aghalabu hufasiriwa kwa "bila sababu", "kinyume cha sheria", "ovyo" au "kiholela", kana kwamba maneno hayo yalingana. Tutajaribu kuonyesha kwamba hayalingani, na kwamba tofauti iliyopo si ya wanaisimu peke yao, maana yahusu uhuru wa mtu.

Asili ya neno hili ni Kilatini "arbiter". Hapo awali arbiter alikuwa mtu aendaye kushuhudia jambo. Baadaye akawa mwamuzi. Katika sheria ya Warumi aliitwa pale ambapo shauri lilihitaji makadirio na busara, mathalani kugawa urithi au kumaliza ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kutokana na kazi yake likapatikana "arbitrium", yaani uamuzi au hiari, nomino ambayo Augustino aliitumia alipojadili hiari ya binadamu. Neno halikuwa na lawama. Hata lilipoingia katika Kiingereza katika karne ya 15, kivumishi "arbitrary" kilitaja tu jambo lililoachiwa busara ya mwamuzi.

Lawama iliingia katika karne ya 17, wakati wa mvutano baina ya Mfalme Charles I na Bunge la Uingereza. Mwaka 1627 waungwana watano waliofungwa kwa kukataa kumpa mfalme mkopo wa lazima waliiomba mahakama ichunguze kifungo chao. Jibu la serikali lilikuwa kwamba wamefungwa kwa amri maalumu ya mfalme; halikuongeza neno. Mahakama haikuwatoa kwa dhamana. Mwaka uliofuata, katika Ombi la Haki, Bunge lilidai kwamba mtu asifungwe pasipo kuonyeshwa sababu. Mwaka 1641 Strafford, mshauri mkuu wa mfalme, alishtakiwa kwamba alitaka kuleta utawala wa aina hiyo, naye akauawa. Katika mashtaka yake neno "arbitrary" lilikwenda sambamba na udhalimu.

Yafaa tuitazame hoja ya mwaka 1627 kwa makini. Mfalme alikuwa na sababu, nayo yajulikana: alitaka fedha. Kilichokosekana ni wajibu wa kuitaja sababu hiyo mbele ya mtu awezaye kuipima. Hiari ya mwamuzi wa Kirumi ilikuwa imegeuka kuwa hiari ya mwenye nguvu asiyeulizwa. Hapo ndipo ulipo moyo wa neno hili hadi leo.

Kwa maana hiyo ndivyo lilivyoingia katika sheria za kimataifa: katika Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, na katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa hapa Nairobi mwaka 1981. Ibara ya 6 ya Mkataba huo yakataza mtu kukamatwa au kuzuiliwa kwa namna hiyo. Katika Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 29 yataja mambo mawili: kunyimwa uhuru "arbitrarily", na kunyimwa uhuru bila sababu ya haki. Mfasiri akiandika "bila sababu" mahali pa kielezi hiki, ibara nzima yageuka marudio, na ulinzi mmoja kati ya ule wa aina mbili wapotea.

"Kinyume cha sheria" nako hakufai. Ngũgĩ wa Thiong'o alipowekwa kizuizini tangu Desemba 1977 hadi Desemba 1978 pasipo kushtakiwa, sheria ya usalama wa umma iliyoruhusu tendo hilo ilikuwapo. Sheria ilikuwapo, mashtaka mahakamani hayakuwapo. Ama "ovyo" na "kiholela", hayo hudokeza ukosefu wa utaratibu, ilhali kizuizi cha aina hii chaweza kuwa na utaratibu kamili: hati imepigwa chapa, saini ipo, na muhuri upo.

Wanaisimu wenzetu watakumbuka kwamba kivumishi kicho hicho, katika nadharia ya Saussure iliyochapishwa mwaka 1916, tumekiita "nasibu". Huko chafaa, kwa kuwa uhusiano wa umbo la neno na dhana yake hauna wa kulaumiwa. Katika sheria hakifai: mtu hafungwi kwa bahati.

Kiswahili hakikosi neno. Msemaji akiulizwa, "Kwa nini amekufunga?" hujibu, "Basi tu." Katika jibu hilo sababu huenda ipo, lakini mwenye nguvu hakuona haja ya kuitoa. Kwa lugha rasmi twapendekeza "kwa utashi tu": "utashi" warejesha ile hiari ya Kilatini, na "tu" yabeba lawama ya karne ya 17. Anayependelea istilahi nyingine aipime kwa swali moja: je, yamlazimisha mwenye mamlaka kujieleza? Isipofanya hivyo, mfasiri atakuwa amemnyima msomaji wa Kiswahili haki ambayo msomaji wa Kiingereza amekwisha kupewa.