Draiva za kadi ya grafiki katika Linux

Draiva ya kadi ya grafiki ni programu inayouwezesha mfumo wa uendeshaji kuitumia kadi inayochora picha kwenye skrini. Katika Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, kadi za Intel na AMD kwa kawaida hazihitaji kusakinishiwa chochote. Draiva zao zimo ndani ya kiini cha mfumo (amdgpu iliingizwa 2015), zikishirikiana na maktaba huria ya Mesa.

Kazi huwa kwenye kadi za NVIDIA. Draiva huria ya Nouveau huonyesha picha papo hapo, lakini kwa kadi nyingi ni ya polepole. Draiva ya kampuni yenyewe ina kasi zaidi, ila msimbo wake ulifichwa kwa miaka mingi. Moduli za kiini zilifunguliwa 2022 tu, kwa kadi za kizazi cha Turing na kuendelea. Katika Ubuntu, amri sudo ubuntu-drivers install huchagua toleo linalofaa. Secure Boot, kinga inayokagua saini za programu kompyuta inapowaka, ikiwa imewashwa, moduli isiyosainiwa hukataliwa.

Draiva ya NVIDIA ina uzito wa mamia ya megabaiti, mzigo halisi kwa anayetumia intaneti ya bando katika mji kama Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi. Pakiti zilizopakuliwa mara moja zinaweza kunakiliwa kwa flashi hadi mashine nyingine yenye toleo lilelile la mfumo. Anayenunua kompyuta ya mtumba aikague kwanza kwa amri lspci, inayoonyesha aina ya kadi iliyomo. Yenye Intel au AMD ndiyo chaguo bora.